Kitabu kilichosomwa kwenye misa ya mazishi hakimo kwenye Biblia yangu. Nani aliondoa, nani aliongeza?

MkweMdogo:

Wakuu, salaam. Naomba wenye kujua wanisaidie, na tafadhali tusitukanane.

Nimelelewa kwenye kanisa la Kiprotestanti, mke wangu katoka kwa Wakatoliki. Baba mkwe alipofariki nilikaa mbele pamoja na familia, Biblia yangu mapajani kama nilivyozoea. Msomaji akapanda, akasema: "Somo katika kitabu cha pili cha Wamakabayo." Nikaanza kupekua. Nikavuka Malaki, nikajikuta nipo Mathayo. Nikarudi nyuma, Danieli, Hosea, nikaja tena mbele. Shangazi yake mke wangu akaniinamia akanong'ona, "Kwenye ya kwenu hakimo hicho, baba. Sikiliza tu."

Nikasikiliza. Yuda Makabayo amemaliza vita, anarudi na watu wake kuzika askari waliokufa. Kila maiti wanayoigusa wanakuta chini ya kanzu hirizi za sanamu za Yamnia, kitu ambacho Torati iliwakataza Wayahudi. Yuda hawalaani. Anachangisha drakma 2,000 za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi ya wale wafu.

Jioni shemeji akanibana, naye ni mtu wa kusoma. Akasema Luther alivichomoa vitabu saba kwa sababu vilimkera. Kisha akaniuliza ni mstari upi unaosema Biblia peke yake ndiyo yenye mamlaka. Nikamtajia 2 Timotheo 3:16. Akaniambia nisome mstari wa 15: maandiko aliyoyajua Timotheo tangu utoto ni yapi, wakati Agano Jipya lilikuwa bado halijaandikwa? Hapo nikakaa kimya.

Sitafuti cha kumshindia shemeji. Nataka kujua historia ilivyokuwa, na pande hizi mbili zinaachana wapi hasa. Maana nikiwasikiliza wote wanasoma, wote wanaomba, na wote wana uhakika.

---

KatekistaMstaafu:

Pole na msiba, mkwe. Nimefundisha katekesimu mpaka sauti ikaisha, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Naanza na shemeji yako kwa kuwa ni wa kwetu. Mwambie apunguze mwendo. Luther hakuvichomoa vitabu hivyo. Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 inavyo, ila amevikusanya mahali pamoja baada ya Agano la Kale, na juu yake akaweka maelezo kwamba havihesabiwi sawa na Maandiko Matakatifu lakini ni vizuri na vinafaa kusomwa. Biblia nyingi za Kiprotestanti ziliendelea kuvichapa kwa karne kadhaa. Kutoweka kwake kulienea sana kuanzia miaka ya 1820, pale chama kikubwa cha Biblia cha Uingereza kilipokataa fedha zake zisitumike kuvichapa.

Tena hakuwa wa kwanza kuvitilia shaka. Mtakatifu Yeronimo, aliyetupa Biblia ya Kilatini, aliandika wazi kwamba visivyokuwa kwenye orodha ya Waebrania viwekwe kando. Na Kardinali Cajetan, yuleyule aliyetumwa kumhoji Luther kule Augsburg mwaka 1518, kwenye jambo hili alishika msimamo wa Yeronimo. Kardinali huyo! Huwa nawaambia Wakatoliki wenzangu, kabla hujamwita mtu mzushi hakikisha kardinali wako hajakaa naye benchi moja.

Hata hivyo upande wa pili una uzito wake. Mitaguso (mikutano ya maaskofu) ya Afrika ya Kaskazini, Hippo 393 na Karthago 397, iliorodhesha Wamakabayo pamoja na Mwanzo na Isaya bila kuwatenga. Augustino alikuwa na msimamo huohuo. Mtaguso wa Firenze ukarudia orodha hiyo mwaka 1442, miaka arobaini kabla Luther hajazaliwa. Kwa hiyo anayesema Mtaguso wa Trento "uliongeza" vitabu mwaka 1546 naye anakosea. Trento ilifunga mlango ambao ulikuwa umerudishwa tu bila komeo.

Somo ulilosikia msibani lina historia yake. Julai 1519 kule Leipzig, Johann Eck, mwanatheolojia Mkatoliki, alimtolea Luther sura hiyohiyo ya 12 kama ushahidi wa toharani, yaani mahali pa kutakaswa roho baada ya kufa. Luther akajibu kwamba Wamakabayo hawamo kwenye kanuni (orodha rasmi ya vitabu vya Biblia), hivyo kifungu hicho hakiwezi kutumika kumlazimisha anayekataa. Swali lako wewe lilishaulizwa mbele ya mtawala na maprofesa wa chuo kikuu.

Sasa hoja yangu mwenyewe. Fungua Waebrania. Hakuna jina la mwandishi. Makanisa ya Magharibi yalisitasita kukipokea kwa muda mrefu, na Origeni, msomi wa Kanisa la kale, alisema aliyekiandika hasa Mungu ndiye ajuaye. Leo kila Mprotestanti anakihubiri bila wasiwasi. Umekipokea kutoka kwa nani? Hakuna ukurasa wa Biblia uliokuambia Waebrania ni Neno la Mungu na Mchungaji wa Herma, kitabu cha Kikristo cha zamani, si Neno la Mungu. Kanisa lilikisoma likiabudu, likakitambua, likakukabidhi. Paulo mwenyewe anawaambia wazee wa Efeso wakumbuke maneno ya Bwana, "Ni heri kutoa kuliko kupokea" (Matendo 20:35). Tafuta neno hilo kwenye Injili nne. Halimo. Lilipita mdomoni. Na 2 Wathesalonike 2:15 ni Biblia yenu pia: "mkayashike mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu."

---

NenoTupu:

Ufunuo 22:18, usiongeze. Marko 7, mapokeo ya wanadamu. Biblia inatosha, mengine yote ni dini za watu. Mjadala umeisha.

---

BintiMchungaji:

@NenoTupu, ndugu yangu, mimi na wewe tuko upande mmoja ila hoja hiyo usiibebe popote. Ufunuo 22 inasema "kitabu hiki", yaani unabii ule wenyewe. Kumbukumbu la Torati 4:2 nayo inakataza kuongeza neno, na baada yake vikaja Zaburi, Manabii na Injili. Ukiisukuma kama unavyoisukuma utabaki na vitabu vitano vya Musa.

@MkweMdogo, pole sana. Baba yangu ni mchungaji wa Kilutheri na mimi nimesomea theolojia, kwa hiyo nitaongea kwa niaba ya waliozoea kuitwa "watu wa Biblia tu". Jina hilo linatupotezea maelezo. Luther akihojiwa kule Worms tarehe 18 Aprili 1521 hakusema atatupa mababa wote wa Kanisa. Alisema asiposhawishiwa kwa ushuhuda wa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, hawezi kukana, kwa kuwa mapapa na mitaguso wamekosea mara nyingi na kujipinga wenyewe. Miaka minane baadaye aliandika katekisimu, na ndani yake ameweka Imani ya Mitume ikariwe na watoto. Imani hiyo kwa maneno yale haimo kwenye Biblia. Ni mapokeo, tunayapenda, tunayakariri kila Jumapili. Tunachosema ni kwamba mapokeo yote yanapimwa na Maandiko, na Maandiko hayapimwi na kitu kingine.

Marko 7 isomwe yote, isiishie kwenye mstari wa 8. Yesu anatoa kesi moja. Mtu ana wazazi wazee, ana mali ya kuwatunza. Anatamka kwamba mali hiyo ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu. Kuanzia hapo walimu wa sheria hawamruhusu tena kumtendea baba yake wala mama yake lolote. Nadhiri ni kitu kitakatifu, imo kwenye Torati, na waliotunga utaratibu ule walikuwa watu wa dini waliotaka kuilinda. Mwisho wake mama mzee anakosa matunzo kwa jina la Mungu. Yesu hakulaumu mapokeo kwa kuwa ya zamani au kwa kuwa hayakuandikwa. Alilaumu kwamba yamefika mahali amri ya Mungu haiwezi tena kuyahoji. Hilo ndilo linalonifanya nibaki Mprotestanti, kuliko mstari wowote wa Timotheo.

Kuhusu kanuni: Mzee Katekista, Kanisa kuitambua Biblia hakulipi Kanisa mamlaka juu ya Biblia. Mtoto anayeitambua sauti ya mama yake gizani hajamzaa mama yake. Calvin, mwanamageuzi wa Geneva, alisema hivyo kwa lugha ya kisomi zaidi, kwamba Maandiko yanajithibitisha yenyewe na Roho ndiye anayeshuhudia moyoni.

Halafu mnapenda sana kumtaja Athanasi, askofu wa Aleksandria, kwamba barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndiyo ya kwanza tunayoijua yenye orodha kamili ya vitabu 27 vya Agano Jipya. Kweli. Lakini barua hiyohiyo ina orodha ya Agano la Kale, na Wamakabayo hawamo. Esta naye hayumo, kawekwa kwenye vitabu vya kusomewa wanafunzi wapya. Ukimfanya Athanasi kuwa shahidi wako, mpokee na ushahidi wake wote.

---

KatekistaMstaafu:

Ha ha, binti, baba yako alikusomesha vizuri. Athanasi nakuachia. Ila umenisaidia bila kukusudia: kama mtakatifu na mwalimu mkubwa kiasi hicho alikosea kuhusu Esta, na Yeronimo na Augustino hawakuelewana kuhusu Wamakabayo, basi hakuna baba mmoja wa Kanisa anayetosha. Roho anashuhudia moyoni, nakubali. Lakini moyo wa Calvin ulikiona Kitabu cha Hekima si Maandiko, na moyo wa Augustino ulikiona ni Maandiko. Nani ataamua kati ya mioyo miwili mitakatifu?

---

MkweMdogo:

Asanteni, nimesoma mara mbili. Sasa nimechanganyikiwa zaidi, ila kwa namna nzuri. Ninachosikia ni kwamba Mprotestanti ana mapokeo, na Mkatoliki anaiheshimu Biblia. Basi mnagombania nini? Shemeji anaongea kana kwamba kuna mfuko wa pili wa mafundisho ambayo mitume waliwanong'oneza maaskofu, na sisi hatukuupata.

---

KatekistaMstaafu:

Huo mfuko wa pili ni picha ya katekesimu za zamani, nami niliifundisha hivyohivyo miaka mingi kwa kuwa ndivyo kilivyoandikwa kitabu tulichopewa. Trento wenyewe walikuwa waangalifu zaidi. Rasimu ya kwanza ilisema ukweli umo kwa sehemu katika vitabu vilivyoandikwa na kwa sehemu katika mapokeo yasiyoandikwa. Wakajadiliana, na hati ya mwisho ya tarehe 8 Aprili 1546 ikasema "katika vitabu vilivyoandikwa na mapokeo yasiyoandikwa". Wanatheolojia wetu mpaka leo wanabishana kama badiliko lile lilikuwa na maana kubwa au la. Kilichobaki bila ubishi ni kwamba vyote viwili vinapokelewa kwa uchaji na heshima ileile.

Halafu likaja Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya Novemba 1965. Mwambie shemeji asome namba 9 na 10. Namba 9 inasema Maandiko na Mapokeo yanabubujika kutoka chemchemi moja ya kimungu, kwa hiyo mifuko miwili haipo hapo. Namba 10 inasema mamlaka ya kufundisha ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia. Nimeona Wakatoliki wengi wanaobishana mtandaoni usiku kucha na hawajawahi kufungua namba hiyo.

Tena jambo la kunong'onezwa tulilikataa sisi kwanza. Karne ya pili walikuwepo waalimu wa Kignosi waliodai kwamba mitume waliwaachia siri wachache. Askofu Ireneo akawajibu, yapata mwaka 180: kama mitume wangekuwa na siri wangewapa hasa wale waliowakabidhi makanisa. Akataja orodha ya maaskofu wa Roma kutoka kwa mitume hadi siku zake. Mapokeo kwake ni yale yanayofundishwa hadharani, mbele ya kila mtu.

---

BintiMchungaji:

Namba 10 naipenda, na nimewahi kuisoma kwenye kipindi cha vijana bila kutaja ilikotoka. Wote wakaitikia amina. Nikawaambia ni ya Vatikano, kikawa kimya.

Sasa MkweMdogo, ugomvi wenyewe uko hapa. Sahau kwanza kama kuna mafundisho nje ya Biblia. Sahau hata nani anafafanua, maana sisi nasi tuna wachungaji, maungamo na sinodi zinazofafanua. Uliza hivi: mfafanuzi akikosea, anasahihishwa na nini? Ungamo la Westminster la 1646, ambalo ni la Wapresbiteri wala si letu, linakiri lenyewe kwamba sinodi zote tangu nyakati za mitume zinaweza kukosea na nyingi zimekosea, hivyo zisifanywe kanuni ya imani. Yaani hati inajiandikia ruhusa ya kusahihishwa. Roma haiwezi kuandika sentensi hiyo kuhusu tamko lake la mwisho. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulisema Papa akitamka kwa mamlaka yake kamili fundisho la imani au maadili, tamko lile halibadiliki.

Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pius XII akatamka kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Mimi sina ugomvi na Mama Maria. Swali langu ni la utaratibu. Habari hiyo haimo kwenye Maandiko, na maandishi ya karne tatu za kwanza hayaisimulii. Baada ya 1950 Mkatoliki akigundua sababu nzito ya kutilia shaka, anaipeleka wapi? Mlango wa mwisho ni uleule uliotoa tamko. Na yule mama wa Korbani naye, walimu wale wangeambiwa hakuna wa kuwahoji, angekata rufaa kwa nani?

Halafu kuna Mtaguso wa Constance. Mwaka 1415 mtaguso ule uliamuru kwamba hata Papa lazima autii katika mambo ya imani. Mtaguso huohuo ukamhukumu Jan Hus, mwanamageuzi wa Bohemia, akachomwa moto. Mwaka 1870 mtaguso mwingine ukasema maamuzi ya Papa hayahitaji kukubaliwa na Kanisa ndipo yasimame. Mapokeo yapi niyashike, Mzee wangu?

---

Msafiri wa Mashariki:

Naingia kidogo tu. Sisi Waorthodoksi mnatusahau kila mara. Tunayashika Mapokeo kwa mikono miwili. Basili Mkuu aliandika karne ya nne kwamba kuelekea mashariki wakati wa kusali na ishara ya msalaba tulivipata bila maandishi, na hatujaviacha. Ila hatukuhitaji Papa wa kuvitamka. Kulala kwa Mama wa Mungu tunakusherehekea tarehe 15 Agosti kila mwaka bila tamko la 1950. Kwa hiyo msiseme ni ama Biblia peke yake ama Roma. Narudi kusoma.

---

KatekistaMstaafu:

Karibu, Msafiri, usikimbie.

Binti, Constance ni mwiba, sitakuficha. Jibu la kawaida kwetu ni kwamba amri ile ilipitishwa wakati watu watatu wanadai upapa na hakuna anayejulikana na wote, na kwamba haikuthibitishwa kama fundisho na Papa aliyefuata. Wapo wanahistoria Wakatoliki wasioridhika na jibu hilo. Mimi naridhika nalo kwa robo tatu.

Kuhusu 1950 umesema kweli kwamba maandishi ya mwanzo hayasimulii. Lakini Pius XII hakuamka asubuhi akatunga. Mwaka 1946 aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima kuwauliza kama wao, mapadre na waumini wao wanaliamini na wanataka litamkwe, na karibu wote wakajibu ndiyo. Sikukuu ilikuwepo tangu karne za kale, mashariki na magharibi, kama alivyosema Msafiri. Kwetu sala ya watu wa Mungu kwa karne nyingi ni ushahidi. Kwako wewe ni ushahidi unaongoja hakimu. Hapo kweli tunaachana, na heri tuachane tukiwa tumepaona.

Ila nami nikuulize. Oktoba 1529 Luther na Zwingli, mwanamageuzi wa Zürich, walikutana Marburg. Wote wawili Maandiko peke yake, wote wasomi wa Kigiriki. Luther akaandika kwa chaki mezani, "Huu ndio mwili wangu," na hakutoka hapo. Walikubaliana hoja kumi na nne kati ya kumi na tano, na ile iliyobaki, kuhusu mwili wa Kristo katika Meza ya Bwana, ikawatenga. Kabla ya hapo, Januari 1527, Zürich ya Zwingli ilikuwa imemzamisha Felix Manz kwenye mto Limmat kwa kosa la kubatiza upya watu wazima, na Manz alikuwa amejifunza Maandiko hapohapo kwa Zwingli. Unaniuliza mfafanuzi akikosea anasahihishwa na nini. Nami nakuuliza: wafafanuzi wawili wakishika kitabu kimoja, nani anasema basi?

---

BintiMchungaji:

Hakuna, Mzee. Pale Marburg hapakuwa na mtu wa kusema basi, wakaachana, na mpaka leo mimi na Mreformed (wa upande wa Zwingli na Calvin) tunalipa gharama yake. Manz hakuna wa kumtetea aliyemzamisha, si kwa Maandiko wala kwa mapokeo.

Lakini mwaka 1973 Walutheri na Wareformed wa Ulaya walikaa Leuenberg, wakairudia hoja ileile ya kumi na tano, wakatangaza ushirika wa meza na mimbari. Iliwachukua zaidi ya miaka mia nne, na waliweza kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa amesema neno lake la mwisho haliguswi. Wewe unaona miaka mia nne ya kukosa hakimu. Mimi naona maungamo yaliyokubali kufunguliwa tena.

MkweMdogo, shemeji akirudi na 2 Timotheo 3:15 mkubalie, hoja yake ni nzuri. Kisha muulize kuhusu Constance.

---

KatekistaMstaafu:

Na akikuuliza Constance, shemeji, muulize Marburg.